Nilikusamehe kwa Jina la Dora

Kwako Bibi,

Bado uko kwenye kabati la sebuleni hapa Rashidiya, Dubai, ndani ya lile kasha la mbao, katikati ya picha yako ya harusi na redio isiyoshika stesheni yoyote. Jumanne madam anasafiri nawe kwenda kwenu. Kabla hujatoka nina jambo la kukuambia, na nimeamua kuliandika wazi, anayetaka asome, maana kulificha nimeshalificha miezi minne na limenichosha kuliko kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile ulipoomba msamaha, aliyekujibu hakuwa Dora mdogo wako. Nilikuwa mimi.

Nilipoanza kazi kwenu, Yusra wangu alikuwa na miezi mitatu. Madam, binti yako, alitaka mtu wa kukaa nawe kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana, maana yeye na sir, mumewe, wako kazini na wewe ulishaanza kuacha jiko likiwaka. Siku ya kwanza uliniuliza kwetu mwanamke mzee anaitwaje. Nikakwambia, "Bibi." Ukasema, "Basi niite hivyo. Madam yupo mmoja humu ndani, na anatosha." Nilicheka mpaka maziwa yakanitoka, nikaenda chooni kubadilisha kitambaa. Uliona, ukajifanya hukuona. Hapo ndipo nilipokupenda.

Kijiji chenu sitakitaja jina, kwa sababu wenyewe wapo na hawakuniomba niwaandike. Lakini mimi nakijua kama Lushoto kwetu. Ulinifundisha kila asubuhi, kwa Kiingereza cha taratibu ili nikushike. Barabara moja tu, nyumba za mawe pande zote mbili, kanisa lenye mnara wa pembe nne unaovuja mvua kila mwaka na kila mwaka watu wanachangishana. Nyuma ya kanisa kuna malisho yenye mabonde na vichuguu, na ukisimama pale jua likiwa chini unaona vivuli vya nyumba ambazo hazipo. Hicho ndicho kijiji cha kwanza, ulisema. Ugonjwa ulipita, waliobaki wakahama mita mia tatu, wakaanza upya, na kondoo wakapewa vyumba vya marehemu. Mmewaacha hapo hadi leo. Uliniambia pia habari za kinu cha maji, na stesheni ya reli iliyofungwa ukiwa binti, na shule iliyofungwa baadaye, na duka ambalo sasa ni nyumba ya watu wa mjini wanaokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Na ule msalaba wa mawe njia panda wenye majina ya vijana waliokwenda vitani, kumi na moja, watatu wa mama mmoja. Ulikuwa unayataja yote kumi na moja hata siku ambayo jina la madam lilikupotea.

Nami nikakwambia kwetu pia ukungu unaingia mpaka jikoni, na vijana wanaondoka, na nyumba nzuri ni za wasiokaa. Ukanipiga mkono: "Basi wewe ni wa kwetu."

Na mpaka, Bibi. Mpaka ndio uliokuwa dini yako. Uliniambia kwamba tangu zamani, kabla ya ramani, kila mwaka wakati wa machipuko kijiji kizima kilizunguka mpaka wake kwa miguu, padri mbele, watu na fimbo za mti laini, wakifika kwenye kila jiwe la mpaka wanalichapa. Kisha anashikwa mtoto mmoja, anageuzwa miguu juu, anagongwa kichwa kwenye jiwe, kidogo tu, ili asisahau jiwe lilipo hadi azeeke. Wewe uligongwa kwenye jiwe la kijito, ukiwa na miaka saba. Dora aligongwa mwaka uliofuata, jiwe hilohilo, na akamng'ata padri.

"Kwa nini jiwe hilohilo?" nilikuuliza.

"Kwa sababu wale wa kijiji cha ng'ambo ya kijito ni wezi. Walilisogeza hatua nne. Babu yangu alilirudisha kwa kamba na farasi."

"Lini hiyo, Bibi?"

"Babu yangu alipokuwa kijana."

"Na bado unawachukia?"

Ukanitazama kama vile nimekuuliza kama bado unapumua.

Kwa hiyo tukawa na mpaka wetu Rashidiya. Asubuhi kabla jua halijawa kali tunatoka, wewe na fimbo yako, mimi na chupa ya maji. Kona ya kwanza ukuta wa villa ya jirani, ya pili sanduku la umeme, ya tatu bakala, duka la yule Mhindi wa Malabari, ya nne mlango wa msikiti. Kila kona unagonga mara tatu. Yule wa bakala alishakuzoea, akituona anapaza sauti, "Yalla, Mama, piga!" Nawe unapiga kwa heshima zote.

Siku moja Mama Patience aliumwa, nikaja na Yusra mgongoni. Mama Patience ni jirani yangu Al Muraqqabat, Mganda, ndiye anayenishikia mtoto kabla hajaingia zamu yake ya hotelini. Tulipofika kwenye sanduku la umeme ukanyoosha mikono.

"Nipe mtoto nimgonge."

"Hapana, Bibi."

"Kidogo tu. Asije akasahau."

"Bibi, mwanangu si nazi!"

Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Lakini sikukupa. Ulibembeleza njia nzima na sikukupa. Mwishoni, kwenye mlango wa nyumba, nilikuruhusu umguse kisigino kwenye kizingiti. Ukasema kisigino kinatosha, kisigino ndicho kinachorudi nyumbani. Leo natamani ningekuacha ufanye ulivyotaka, tena kwa sanduku la umeme.

Habari za Dora zilikuja polepole, na wewe ulizileta kwa vipande. Uliolewa na mtu wa kampuni ya mafuta ukiwa na miaka ishirini, ukazunguka naye nchi na nchi. Mama yenu akaugua. Akaugua miaka sita. Dora alibaki naye peke yake. Mchumba wake alingoja miaka mitatu, akachoka, akaoa msichana wa ng'ambo, kwa walewale wezi wa jiwe. Wewe ulituma kadi za picha. Mama alipokufa ulifika siku mbili baada ya mazishi, umevaa kofia nzuri. Dora alikufungulia mlango, akatazama kofia, akakupa chai, na tangu siku hiyo mkaongea habari za hali ya hewa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Ulinisimulia hayo huku nakukata kucha. Sikuinua uso. Kwetu Lushoto mama yangu alianguka mwaka juzi, upande wa kulia ukafa. Anayemgeuza, anayemlisha, anayemfulia ni mdogo wangu Rehema. Aliacha cherehani yake ya kujifunza akarudi nyumbani. Mimi natuma sauti kwenye simu: "Mpe mama pole yangu. Mwambie namuombea." Hizo ndizo kadi zangu za picha.

Halafu ukaanza kuniita Dora. Mwanzo nilikusahihisha: "Mimi Mwanahawa, Bibi." Unakasirika, unahisi nakutania. Daktari akamwambia madam asikubishie sana, na madam akaniambia mimi. Basi nikawa naitika. Dora, lete miwani. Dora, paka ameingia. Haikuwa na ubaya. Nilipachikwa jina kama ninavyovaa aproni, nikitoka naliacha msumarini.

Madam ndiye aliyegundua kwamba una jambo. Ulikuwa unalia kwa jina la Dora usingizini. Akampigia mama yake mdogo kule kijijini, akapanga mzungumze Jumapili kwa video. Akamwambia Dora, "Mama ana neno anataka kukuambia, naomba umsikilize." Dora alikubali. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, amengoja neno hilo tangu madam akiwa mtoto.

Alhamisi, siku tatu kabla, saa nane u nusu mchana, nilikulaza. Nilishakuvua viatu. Mama Patience alishanitumia ujumbe mara mbili kwamba siku hiyo anaingia kazini mapema, nisichelewe hata kidogo. Ukanishika mkono, Bibi, ukasema, "Dora, kaa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nilikuwa naweza kuja," ukasema. "Nauli ilikuwepo. Ruhusa ilikuwepo. Sikuja kwa sababu niliogopa harufu ya chumba cha mama. Nilijua ipo, nilijua wewe umo ndani yake, na nikakuacha. Siyo kazi ya mume wangu. Siyo safari. Ilikuwa harufu. Nisamehe."

Nilijua ni maneno ya nani. Nilijua Jumapili iko karibu. Ningeweza kusema, "Bibi, mimi ni Mwanahawa, hayo mwekee Dora." Ningeweza hata kunyamaza. Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika hamsini.

"Nimekusamehe," nikasema. "Khalas, yamekwisha. Lala sasa."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Ukavuta pumzi ndefu. "Nilidhani utanisumbua zaidi," ukasema, na ukalala kama Yusra anavyolala akishiba. Nami nikakimbilia treni. Niliiwahi. Nilipata hata kiti.

Jumapili madam aliniomba nije kusaidia. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sinia ya vikombe simu ilipofunguka. Dora alikuwa jikoni kwake. Alikuwa amechana nywele, amevaa blauzi iliyopigwa pasi na pini ya fedha kwenye kola. Nyuma yake dirishani mvua. Mlifanana, Bibi, ila yeye uso wake ulikuwa umekazwa kama fundo.

Ukamuuliza, "Lile jiwe la kijito bado lipo?"

"Lipo. Hilo ndilo uliloniitia?"

"Wale wa ng'ambo hawajaligusa?"

"Binti yako alisema una neno la kuniambia."

Ukatabasamu vizuri mno. "Mengine tulishamaliza, mpenzi. Khalas."

Neno langu. Dora hakulijua hata maana yake. "Tumemaliza nini?" akauliza. "Lini?"

"Usijifanye," ukasema, ukacheka.

Nilimwona akikutazama. Kisha akasema, "Sawa," na kioo kikawa cheusi. Madam akapangusa macho, akasema, "Ni ugonjwa huu, hakuna wa kulaumiwa." Mimi nikapeleka vikombe jikoni nikaviosha mara mbili.

Siku ishirini baadaye ukafariki hospitalini, asubuhi, taratibu, umeshikwa mkono na madam. Ulikuwa na amani. Watu wote walisema hivyo, alikuwa na amani, na kila aliyesema alinichoma, maana nilijua amani ile niliitoa wapi. Niliichukua jikoni kwa mtu mwingine bila kumwambia.

Ulitaka kulazwa pembeni mwa mama yako, nyuma ya lile kanisa linalovuja. Nafasi ni moja, na neno la nafasi hiyo lilikuwa la Dora. Madam akamwomba. Dora akajibu kwa ufupi: "Hapana. Pale kwa mama atalala aliyekaa na mama." Madam akalia siku mbili. Kisha akayaweka majivu yako kwenye kabati, mpaka ajue la kufanya. Mimi kwetu maiti hatuichomi, na mwanzo niliogopa hata kupita sebuleni. Lakini madam alinibakiza kazini kwa usafi, na kila Jumatatu nikawa nakufuta vumbi. Unafuta vumbi juu ya mtu uliyemzuilia kaburi, Bibi, unajua mkono unavyokuwa mzito?

Mbona sikusema? Niliogopa kazi. Hilo ni kweli na silikatai. Lakini kuna la pili, na hili sikulijua mpaka wiki iliyopita. Siku ile ulivyosema, "Nilikuwa naweza kuja," hayo yalikuwa maneno yangu kwa Rehema. Madam alishanipa ruhusa ya mwezi mzima Desemba, akasema nenda kamwone mama. Nikasema Yusra bado mdogo kwa ndege. Uongo. Nimeiona picha ya mama na mdomo wake uliopinda, na sikutaka kuuona ukinitamkia jina. Kwa hiyo niliposema nimekusamehe, nilisema haraka kwa sababu ya treni, ndiyo, lakini pia kwa sababu nilitaka kusikia neno hilo likitamkwa chumbani na kuisha. Nilijisamehe mwenyewe kwa mdomo wa Dora. Wote wawili tukaondoka tumeridhika, na wenye haki hawakuwepo.

Wiki iliyopita Rehema alinitumia sauti. Fupi tu. "Dada, leo mama ameniita Mwanahawa. Nikaitika. Amefurahi huyo! Kala uji wote."

Niliisikiliza nikiwa nimesimama mbele ya kabati lako na kitambaa mkononi. Rehema aliitika jina langu ili mama ale. Mimi niliitika jina la Dora ili niwahi treni.

Nikaweka kitambaa chini, nikamfuata madam chumbani kwake, nikamwambia yote. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kitandani akasema, "Miezi minne, Mwanahawa. Kila nilipokuwa nalia ulinipikia chai." Nikasema, "Ndiyo, madam." Akasema, "Sasa utamwambia mwenyewe." Akapiga simu, akaiweka katikati yetu, bila picha, sauti tu.

Sauti ya Dora ni yako, ila haina sukari. Nilimweleza mimi ni nani na nilifanya nini. Akangoja nimalize.

"Alisema siku gani?"

"Alhamisi. Kabla ya ile Jumapili."

"Alisema nini? Yote. Na usinipambie."

Nikayasema yote, neno kwa neno, kama wewe na yale majina kumi na moja. Nauli. Ruhusa. Nilipofika kwenye harufu nilisita, madam akanikazia macho, nikasema na harufu.

Kwa mbali nikasikia mbwa.

"Harufu," akasema. "Alisema harufu?"

"Ndiyo, Bibi Dora."

"Ilikuwepo kweli. Mapazia niliyachoma." Akakohoa. "Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikasema nimekusamehe."

"Hivyo tu? Papo hapo?"

"Nilikuwa nawahi treni."

"Treni!" Sijui kama alicheka au alilia, madam pia hakujua. "Na yeye akasemaje?"

"Akasema alidhani utamsumbua zaidi."

"Ningemsumbua," Dora akasema. "Ningemsumbua mwaka mzima. Sikiliza, binti. Msamaha ule haukuwa wako na mimi sijautoa. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mwambie huyo mtoto wa dada yangu amlete. Amweke pale kwa mama. Siwezi kugombana na mtu aliye kabatini Dubai. Nataka awe karibu nimseme."

Basi ndiyo safari yako ya Jumanne, Bibi. Hujasamehewa. Nilikuficha hilo ukiwa hai na sasa ujue. Unakwenda kusemwa, na nadhani mtasemana muda mrefu, na mimi niliyekukatisha nakuomba radhi. Jina lake nimelirudisha kwa mwenyewe.

Limebaki la kwangu. Leo nilipotoka kazini nilisimama pale stesheni ya Rashidiya, kwenye benchi la mwisho, nikampigia Rehema. Mama Patience nilishamwambia nitachelewa, akasema chelewa, leo hana zamu. Rehema akapokea, pumzi zinamwenda.

"Dada, kuna nini? Mbona mchana?"

"Rehema, nilikuwa naweza kuja Desemba," nikasema. "Ruhusa nilipewa. Yusra alikuwa mzima. Niliogopa kumwona mama. Nikakuachia wewe."

Kisha akasema, "Ngoja nimgeuze mama."

Akaweka simu mahali, hakuikata. Nikasikia beseni likiburuzwa, maji, sauti yake akihesabu moja, mbili, haya mama, na mama akilalamika kwa ile sauti yake mpya nisiyoijua. Treni ikaingia, milango ikafunguka, watu wakapanda. Nikabaki nimekaa, simu sikioni, nikimngoja. Milango ikajifunga, treni ikaenda. Ikaja ya pili, nayo ikaenda. Simharakishi.

Nenda salama, Bibi. Ukipitishwa kwenye jiwe la kijito, gonga mara tatu, mara ya mwisho kwa ajili ya Yusra.

Aliyekuwa mjukuu wako kuanzia asubuhi hadi saa tisa,
Mwanahawa